Ghorofa Kumi na Mbili Zinazotazama Maji

Tai Nyekundu hakuwa msanifu wa majengo, lakini alikuwa na tai nyekundu shingoni, na mjini tai hiyo ilikuwa imemfikisha mbali kuliko shule. Siku hiyo alikuwa amejibanza kwenye duka la kuchapa ramani akikwepa mvua, akamsikia mama mmoja akimlalamikia mwenye duka. Mama huyo aliuza saruji na nondo, alikuwa na kiwanja ufukweni, na alitaka kujenga jumba la kifahari la ghorofa kumi na mbili. Wasanifu aliowaona walimtajia bei za kumtoa mtu jasho.

Tai Nyekundu hakungoja mvua ikatike. Alijitambulisha kuwa msanifu aliyerudi juzi kutoka ng'ambo, akasema yeye angeifanya kazi hiyo kwa nusu bei. Alichoomba ni malipo ya awali tu, ambayo kwa kawaida yake ndiyo yaliyokuwa pia malipo ya mwisho.

"Nitakupa," mama akasema, "nikishaona michoro."

Basi Tai Nyekundu akazunguka nyuma ya duka la ramani, akapekua pipa la karatasi zilizotupwa, akapata michoro safi kabisa ya jengo refu. Siku mbili baadaye aliitandaza mbele ya mama, dukani kwake, juu ya mifuko ya saruji, akaeleza habari za hewa, mwanga na hadhi kwa ufasaha wa kutoa machozi. Mama akaweka kidole kwenye ghorofa ya chini.

"Na hiki chumba cha maiti ni cha wakazi wote, au kila mtu na chake?"

Ilikuwa michoro ya hospitali. Tai Nyekundu akajibu kwamba matajiri wa siku hizi wanapenda kujitegemea kwa kila kitu. Mama hakucheka. Alimwelekeza tu kwa upole kwa mzee mmoja mchoraji, mtaa wa pili, ambaye wasanifu wenye kazi nyingi humtumia. Alete michoro mipya, fedha ipo.

Mzee alitaka kulipwa taslimu kila Ijumaa. Tai Nyekundu akalipa, akijiambia kuwa hicho ni chambo. Mama akataka jikoni kupanuliwe, Tai Nyekundu akalipa tena. Mama akataka lifti ihamishwe. Tai Nyekundu akauza saa yake. Ngazi zilipobadilishwa mara ya tatu, simu nayo ikaenda.

Hapo likamkuta jambo la aibu kwa mtu wa kazi yake: alianza kulipenda lile jumba. Alasiri alikwenda kiwanjani peke yake, akakaa juu ya tofali, akatazama jua linavyocheza na maji. Siku moja alifika kwa mzee akihema, akasema roshani zipishane, ili kila mtu aone maji bila kumwona jirani akianika nguo. Mzee akazifuta roshani za mwanzo, akachora upya. Ijumaa alidai kama kawaida.

Michoro ilipokamilika, mama aliipitia karatasi moja moja. "Sasa gonga muhuri wako wa usajili, nikulipe."

Tai Nyekundu akaeleza kwamba muhuri ulibaki ng'ambo. Mama akageukia stoo, akaita, "Kaka, njoo." Akatoka yule mzee mchoraji, muhuri mkononi, akaupulizia pumzi na kugonga kila karatasi.

"Kaka yangu ni msanifu," mama akasema. "Alikataa kunichorea bure, nami nikakataa kumlipa. Tumenuniana mwaka mzima. Ndipo ukaja wewe."

Tai Nyekundu akakaa juu ya mfuko wa saruji, akazihesabu Ijumaa zote alizolipa. Kwa polisi asingeweza kwenda, angewaambia nini? Aliomba jambo moja tu.

"Roshani msiziguse."

"Haziguswi," mzee akasema. "Katika jumba zima, hizo tu ndizo sikuziwaza mimi. Jumatatu njoo ofisini kwangu saa mbili asubuhi. Mshahara ni mdogo, ila utafundishwa."

Tai Nyekundu akasimama, akawatazama ndugu wale wawili kwa zamu, akijaribu kupima kama hapo napo anatapeliwa. Jumatatu, saa mbili kasorobo, alikuwa mlangoni.