Mtindo wa Mwalimu Likwata

Jumatatu, 4 Agosti
Habari mbaya. Mwalimu Likwata anahama! Jumapili anapanda basi hapa hapa Nangurukuru, anakwenda kuishi Mtwara kwa binti yake Joyce. Amekuja mwenyewe kinyozini kwangu na fimbo yake kuniambia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akasema Jumamosi anataka kucheza sataranji mara ya mwisho na wanafunzi wake wawili waliobaki jirani: mimi na Brigita, nesi mstaafu. Atakayemfurahisha kwa mchezo wake ataachiwa ubao.

Ubao ule! Aliuchonga mwaka 1981, sisi tuko darasa la sita, shule ya bweni kule milimani Kipatimu. Kete za mpingo. Ngome moja ilipotea, pakawekwa kifuniko cha dawa ya mswaki. Bado naisikia mvua ya Desemba juu ya mabati, Mwalimu ananitazama juu ya miwani, hana haraka na dunia. Lazima niupate. Brigita ana kipi cha kukumbuka? Likizo zote alikuwa kwao.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeandika mtindo wa Mwalimu kwenye karatasi. Anakupa farasi kama anayempa mgeni kiti. Anakuachia ngome. Anatazama dirishani. Wewe unakula tu, unajiona bingwa, na jioni unashtuka mfalme wako hana pa kupita. Hajawahi kunifunga chini ya masaa matatu. Fundi!

Nimefanya mazoezi na mke wangu, Zakia. Hatua ya kwanza nimeifikiria dakika arobaini. Zakia kaenda sokoni, karudi, kabandika maharage, kaniuliza kama nimelala. Mteja wangu Maftaha kaondoka na ndevu upande mmoja. Watu hawajui subira.

Jumatano, 6 Agosti
Hila. Nimempigia Brigita simu, nikamwambia Mwalimu kasogeza mchezo hadi Jumatatu. Kanishukuru sana. Nimecheka peke yangu mpaka kikohozi.

Alasiri nikampelekea Mwalimu mapapai mawili, nipate kumchunguza. Namkuta nani? Brigita! Anafunga vyombo vya Mwalimu kwenye maboksi. Akaniuliza, Mwalimu anasikia, hiyo Jumatatu tutachezea Mtwara au ndani ya basi. Nikasema mtandao ulikuwa mbovu. Mwalimu akanipa kisu nimenye mapapai.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Sikufungua. Baada ya swala nimefanya mazoezi ya kutazama dirishani. Shingo inauma.

Jumamosi, 9 Agosti
Brigita alianza. Hovyo! Anacheza mbio, anashambulia, anapiga kete mezani kama anayeua mbu. Kafungwa ndani ya saa moja, na wote wawili wanacheka.

Zamu yangu. Nikatoa farasi, taratibu. Nikatoa ngome. Nikatoa ile ya kifuniko. Nikatoa malkia, nikageukia dirisha.

Mwalimu akavua miwani. "Bakary mwanangu, unacheza au unagawa sadaka?"

Nikamwambia nacheza mtindo wake.

Akaifuta miwani kwa shati. "Ule haukuwa mtindo wangu. Likizo ya Desemba wenzako wote walifuatwa. Mjomba wako hakuja. Nikikufunga mapema, unakwenda kukaa getini na sanduku lako. Basi nikawa nakulisha kete mpaka kengele ya chakula."

Kisha akazipanga upya. Kanimaliza kwa hatua saba! Malkia wake kaingia kwangu kama askari wa doria, hodi hakupiga. Akasema huo ndio mchezo wake, tangu ujana.

Geti lile nililiona lote, mpaka kutu yake. Siku ishirini na mbili nilibaki pale shuleni, na siku zote hizi nilidhani nilikuwa na raha kwa sababu nilikuwa najua kucheza. Brigita akajifanya anatafuta kamba ya boksi.

Ubao kapewa yeye.

Jumapili, 10 Agosti
Basi limeondoka saa nne. Mwalimu alikaa upande wa pili, sikumwona vizuri. Niliona mkono tu. Nikabaki nimesimama pale stendi katikati ya wauza mayai na korosho, sijui niende wapi.

Brigita, aliyetoka kanisani moja kwa moja, akanishika mkono wa shati. Akasema twende kwake tukacheze.

Sasa sikiliza. Hatua ya pili tu, kanipa farasi bure! Kisha ngome. Anawaza robo saa, anamwangalia kuku uani, anahadithia mambo ya bwenini, nani aliiba miwa ya padri, nani alilia siku ya kwanza. Ikaja chai. Ukaja wali na samaki. Adhuhuri ikapita, nikaswali sebuleni kwake, tukaendelea. Kaja kunifunga saa kumi na nusu, tena kwa kubahatisha.

Maskini Brigita. Mchezo umemwishia ghafla! Jana alikuwa moto, leo anagawa kete kama hajui thamani yake. Uzee huo. Nimemhurumia, sikumwambia kitu.

Kasema nije kila Jumapili. Nitakwenda. Kwa mwendo ule, ubao ni wangu kabla ya mwezi wa kumi.