Bustani ya Kuonyesha Wakwe

Walipopita Sagana, Tata Ngendo alivua sweta ya pili. Ya tatu aliibakiza. Mwanamke wa Nyeri hatoki nyumbani bila baridi yake!

Wakiuru, mpwa wake, alikaa kwenye kiti cha nyuma cha Probox ya kukodi, amebanwa kati ya shangazi wawili na vyondo vyao. Alikuwa hajawahi kushuka huku Mwea, chini ya Kagio. Hewa ilikuwa nzito kama ya jikoni kunapochemka githeri, na maji ya mpunga yaling'aa kila upande. Mahali hapa, aliwaza, hata mpini wa jembe ukiusahau nje utachipua.

Wazo hilo lilimtuliza, maana Theuri, mchumba wake aliyehamia huku, alikuwa amejisifu kupita kiasi. Desturi inataka wanawake wa upande wa msichana waende kuona atakakoolewa. Waone nyumba na shamba, na wakitaka wafunue sufuria. Mwanamume mwenye akili siku hiyo hunyamaza na kuchinja mbuzi. Theuri yeye alimpigia Tata Ngendo simu akaapa kwamba kila kitakacholiwa kitatoka kwa shamba lake, la sivyo wasimpe msichana. Tata Ngendo, ambaye hakuwahi kumpenda, alimshukuru sana kwa sharti hilo. Wakiuru ndiye aliyebaki kumtetea mbele ya ukoo mzima.

Lile "shamba" lilikuwa kiploti alichokodishiwa na Gaceri, mama mmoja wa Embu aliyeishi ng'ambo ya ua. Mvua za Machi zilipoanza, Theuri aliziita "springi", yaani machipuko ya Ulaya, kama Mzungu mmoja wa kwenye video za simu aliyefundisha kilimo akiwa amevaa kofia ya majani. Gaceri alimletea mbegu za kunde na mchicha, na marando ya viazi vitamu. Akamwambia joto hili halitaki ufundi: panda, kisha usimame mbali.

Theuri alicheka. Jioni hiyo alimweleza Wakiuru sababu kwa simu.

"Kitu inamea yenyewe, utajisifu nayo aje?"

Akapanda viazi vya mlimani, kabeji, letusi na minji, zile njegere za kwao. Yeye ni mtu wa Nyeri, alisema, kana kwamba kabeji huitisha kitambulisho kabla ya kuota.

Waliposhuka kwenye gari, aliwapokea akiwa na gambuti mpya miguuni na kofia ya majani, sawa na ya yule Mzungu. Akawapeleka bustanini hata kabla ya kuwapa maji.

Minji ilikuwa imekauka ikiwa imesimama. Theuri alieleza kuwa imepumzika. Letusi ilikuwa imerefuka ikatoa maua, imewafikia shangazi kiunoni, naye akasema ni aina ya kisasa, ya kuvunwa bila kuinama. Lakini kabeji! Zilikaa kwenye mistari, nene, za kung'aa, kama maaskofu kwenye kongamano. Wakiuru alivuta pumzi. Angalau kabeji zimemsaidia.

Theuri akashika jembe. Akagusa udongo tu, na viazi vikatoka vikubwa, kwa urahisi wa mtu anayetoa kitambaa mfukoni.

Tata Ngendo aliokota kimoja, akakikwangua kwa ukucha.

"Theuri, baba, hii shamba iko na udongo rangi gani?"

"Nyeusi, Tata. Ile yenye nguvu."

Na kweli ulikuwa mweusi, unang'ang'ania kiatu kama mlevi mwenye hadithi. Lakini ndani ya macho ya kiazi kulikuwa na udongo mwekundu, mkavu, ule ule ambao Wakiuru aliuona kila siku kwao.

"Na hii nyekundu imetoka wapi?"

"Tata, ukichimba chini sana, unapata nyekundu."

"Eeh. Ukichimba mpaka Nyeri."

Shangazi mwingine, Njoki, alisukuma kabeji kwa ncha ya kiatu. Ikabingirika. Haikuwa na mzizi hata mmoja. Ilikuwa imekatwa vizuri, jinsi wanavyozikata wauzaji sokoni.

Wakiuru alihisi uso ukimchoma, na safari hii halikuwa joto la Mwea.

"Theuri. Hizi ulipanda lini?"

"Leo asubuhi," alisema. Lilikuwa neno la kweli la kwanza kutoka kwake siku hiyo.

Kisha akakumbuka kwamba nyumbani hamna chumvi. Akasema anaruka dukani mara moja, wasiondoke.

Walingoja mpaka matumbo yakaanza kunung'unika. Gaceri, aliyetazama yote kutoka ng'ambo ya ua bila kujificha, aliwaita.

"Kujeni kwangu. Niko na kunde na viazi vitamu. Ni ile chakula ya aibu Theuri alicheka, lakini imeiva."

Walikuwa bado wanakula pale boda boda ilipopita barabarani. Theuri alikuwa nyuma ya dereva, begi mapajani, kofia ameikalia. Pikipiki haikugeuka kwa duka. Ilishika njia ya Sagana.

"Huyo anaenda wapi?" Gaceri aliuliza. "Wageni wake si ni nyinyi?"

"Muache," Tata Ngendo alisema, akijipakulia tena. "Ameenda kuchimba nyekundu."

Wakiuru hakucheka. Alitazama pikipiki mpaka ikapotea, kisha akageukia kiploti, lile tope jeusi linalotoa mvuke juani.

"Na hii shamba, mama, itakuwa wazi ya kukodi lini?"

Gaceri alimwongezea kunde.

"Si umeona ikiachwa saa hii?"