Jinsi Kinyozi Alivyolinyoa Dirisha Mbele ya Ziwa Jekundu

Jongeeni, enyi mlioketi nanyi mliosimama. Zimeni redio, watulizeni watoto, mwenye sufuria jikoni apunguze moto, maana ninayoyasimulia si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Ni habari ya Kinyozi, shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, bingwa wa mkasi na wembe, mnyoa ndevu za wakubwa na za makabwela bila upendeleo. Na ya vita alivyopigana na kioo cha gari lake mwenyewe, katika jangwa la nyanda za juu.

Chanzo cha safari kilikuwa Mama, mzazi wa hao wawili na mkwe wangu mimi. Marehemu mumewe aliendesha lori la chumvi ujana wake wote, na kila aliporudi aliapa kwamba kule juu liko ziwa jekundu kama ua la mkomamanga. Mama alimcheka mbele ya wageni, akamwita mwongo, akarudia tena na tena, mpaka mzee akaacha kulisimulia, na mwisho akazikwa na habari yake. Sasa Mama alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na alipofunguliwa bandeji alinena hivi: "Nipelekeni nikalione hilo ziwa lake. Nataka kujua niliolewa na nani."

Tukapanda milima, gari likikohoa kwa uchache wa hewa. Mke wangu alikaa mbele na ndugu yake. Mimi na Mama tulikaa nyuma, kwenye giza la adhuhuri. Kwa maana Kinyozi alikuwa amebandika karatasi nyeusi ya tinti kwenye vioo vyote vya pembeni na cha nyuma, na fahari aliyokuwa nayo kwa karatasi ile, wafalme hawana kwa mataji yao.

Tukafika. Barabara ilikuwa tuta jembamba, kulia tope, kushoto ziwa, na upepo ulipeperusha chumvi kama unga kwenye mashine ya kusaga. Daktari alikuwa ameonya: jicho lile lisipate vumbi. Mama akajifunika uso, nami nikashuka upesi upande wa pili na kufunga mlango. Naam, niliona. Lilikuwa jekundu tupu, limezingirwa na ukingo mweupe wa chumvi, chini ya mbingu isiyo na wingu. Nikarudi ndani nikahutubu:

"Mama! Ni jekundu! Na chanzo chake ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vipendavyo chumvi!"

"Umeviona?"

"Havionekani, Mama."

"Basi nyamaza." Akakisogelea kioo cheusi, akatazama kwa muda mrefu. "Chai," akasema.

"Chai?"

"Chai ya rangi iliyolala. Hilo ndilo ziwa lake. Si nilisema mimi?" Alijaribu kucheka, kicheko kikakwama. "Nimeshinda. Twendeni nyumbani."

Sijapata kuona mshindi mwenye huzuni namna ile.

"Mama, hiyo ni karatasi ya huyu mwanao," mke wangu akasema. "Wewe, si ugeuze gari litazame ziwani, aone kwa kioo cha mbele?"

"Dada, nigeuzie wapi? Huku tope, huku maji. Tukinasa hapa tutakauka kama samaki."

"Basi bandua hiyo kaniki yako."

Kinyozi akashika usukani kwa mikono miwili, kama nahodha aliyeambiwa aizamishe meli yake.

"Nibandue? Dada! Unajua nikipita na vioo hivi watu wanafanyaje? Wananipisha! Trafiki anapiga saluti kwanza, ndipo anauliza. Leo nibandue nionekane kama muuza mayai?"

"Kwani wewe ni nani?"

Kwenye kioo chake kidogo cha kutazamia nyuma alikuwa amemwona mama yake. Mama alikuwa akilipangusa dirisha kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, polepole, kana kwamba ile rangi ya chai ni uchafu utakaotoka.

Hapo shujaa akainuka. Akautwaa mfuko wake wa kazi, ambao hatoki nyumbani bila kuwa nao, akapita katikati ya viti, goti lake likatua tumboni mwangu bila kuomba radhi, akajibana baina yetu. Akalowesha brashi kwa maji yetu ya kunywa, akakoroga sabuni, akakipaka kioo povu kutoka shavuni hadi kidevuni. Kisha akafungua wembe.

"Usinikate," Mama akasema.

"Sikunyoi wewe, Mama."

"Angalia kiwiko chako."

Karatasi ikang'ang'ania kama jeshi lililoapa kufia ngomeni. Wembe ukashuka, ukapanda, ukashuka. Adui akajikunja, akaanguka vipande vipande mapajani mwa Mama. Jasho likamtiririka Kinyozi.

"Pale pembeni umeacha."

"Naona, Mama."

"Huoni. Hapo."

Akapiga pigo la mwisho, akafuta povu kwa taulo, akajivuta nyuma. Wekundu ukaingia ndani ya gari, ukakaa usoni mwa Mama. Upepo tu ulikuwa ukigonga mabati ya gari.

"Lile zee," Mama akasema hatimaye, "lilikuwa linasema kweli."

Akaweka kiganja kwenye kioo. Mke wangu akageuka mbele akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Haya, mume wangu," Mama akasema, taratibu, kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti. "Nimekusikia. Endelea."

Tukakaa pale mpaka jua likaanza kuinama, naye hakuondoa macho ziwani, akitikisa kichwa mara kwa mara kama anayefuata maneno.

Basi na waandike waandikao mambo makubwa ya dunia, na wakikosa nafasi wafute vita viwili vitatu: kwamba siku ile, juu ya nyanda kavu, Kinyozi mwana wa Dereva alilinyoa dirisha la nyuma la kushoto, kutoka pembe hadi pembe, bila kumwaga tone la damu.