Chaki Nyekundu, Chumba Namba Tisa

Jumatano, 12 Machi

Nimefika hotelini. Picha za kwenye tangazo hazikudanganya, zilinyamaza tu. Upande mpya upo kama ulivyopigwa picha: vioo, mapazia mazito, zulia linalomeza viatu. Upande wa zamani nao upo, mafundi bado wanaukarabati, na ndiko nilikopangiwa. Namba tisa. Ukivuta droo, kabati zima linakufuata. Bomba la maji ya moto limepakwa rangi nyekundu, na joto lake linaishia hapo.

Mke wangu na mama mkwe wanafika Jumamosi. Jumapili ni sherehe ya mama mkwe kustaafu ualimu, humu humu hotelini. Mimi nimetangulia kuweka mambo sawa. Ni kweli kwamba mwezi uliopita, mbele ya wakwe wote, nilisema meneja wa hapa ni mtu wangu wa karibu na ameshanishikia chumba upande mpya. Sijawahi hata kumwona. Mke wangu alinivuta pembeni, akaniambia nikimwaibisha tena mbele ya ndugu zake, mwaka huu nitajipikia mwenyewe. Mimi hata chai huniungulia.

Shemeji, kaka wa mke wangu, naye keshafika. Kapewa upande mpya bila kujuana na mtu. Kaniuliza mbona rafiki yangu meneja hakuja kunipokea. Nikamjibu kwamba sisi watu wakubwa hatupokeani hadharani.

Alhamisi, 13 Machi

Mpango wa kwanza: vumbi. Nimesimama mapokezi nikakohoa mpaka wageni wengine wakahama viti. Nikamweleza dada wa mapokezi kwamba kifua changu hakitaki upande wa zamani. Kanipa pole ya dhati na barakoa kama za mafundi. Basi. Nilipotoka nje nimeivaa, msimamizi wa mafundi akanikabidhi toroli la kifusi na kuniuliza kwa nini nimechelewa kazini. Nimesukuma safari mbili kabla ya kupata mwanya wa kujieleza.

Lakini toroli lina faida zake. Lilinipitisha upande mpya, na huko nikaona mlango wa shemeji umechorwa X kubwa kwa chaki nyekundu. Milango mingine mitupu. Mchana shemeji akahamishiwa chumba kikubwa chenye roshani. Meneja mwenyewe, nasikia, alimbebea begi.

Wengine wangepita tu. Mimi nikaunganisha mambo. X ni alama ya mgeni wa heshima. Mafundi walikuwa wameacha kipande cha chaki dirishani, wenyewe wamekwenda kula. Sasa na mlango wangu una X. Nimeichora kubwa kuliko ya shemeji, ili daraja lijulikane.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi mafundi wakabisha hodi. Walionekana kusita. Wakauliza kama ni chumba hiki kweli, maana mgeni bado yumo. Nikawaambia ndicho, wafanye haraka, nimesubiri vya kutosha. Wakasema wataanzia bafuni. Nikawaambia waanzie wanapotaka. Nikaenda kunywa chai kwa roho nyeupe.

Niliporudi bafu halikuwepo. Ukuta nao haukuwepo. Upande wa pili dada wa dobi alikuwa anapiga pasi, akanisalimia vizuri tu.

Kumbe X maana yake ni vunja. Chumba cha shemeji kilikosewa vigae, ndiyo maana wakamhamisha. Msimamizi akaanza kunifundisha alama zao zote: X hivi, duara vile. Nikamkatiza. Nina shahada, sikuja hapa kusomeshwa chaki. Dada wa mapokezi kasema hoteli imejaa, ila shemeji amejitolea kunilaza kwenye kochi lake. Dada hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumamosi, 15 Machi

Wamefika. Mama mkwe kashuka kwenye gari akitaka kwanza kumwona huyo meneja, amshukuru. Nikasema amesafiri. Meneja, aliyekuwa nyuma yangu, akajitambulisha. Akampa shikamoo mama mkwe, akamsalimu mke wangu, akamkumbatia shemeji. Kisha akanitazama na kuuliza kama mimi ndiye yule wa chaki.

Mama mkwe, mwalimu wa miaka mingi, akanikagua vidole kama vina chaki. Mke wangu akabeba mabegi yake mwenyewe, na hapo ndipo nilipoogopa. Wao wamepewa chumba cha roshani. Shemeji, kwa uungwana wake, kawapisha, na meneja kwa aibu akamtafutia kingine kizuri zaidi. Mimi nimerudishwa namba tisa. Pale palipokuwa na ukuta sasa pana ubao. Dada wa dobi huimba.

Jioni mke wangu akaja. Kasema hana hasira, amechoka tu. Kasema angefurahi hata kulala hapa kwenye kifusi, kama ningemwambia ukweli mapema. Iliniuma. Kaongeza kwamba nikikaa kesho siku nzima bila ujanja wowote, suala la jiko atalifikiria upya. Nimeapa.

Jumapili, 16 Machi

Naandika asubuhi, nikiwa mtu mpya. Nimekaa kimya tangu niamke.

Ila nimepita mlango wa shemeji. Una duara, la chaki ile ile. Nikashuka, nikamkuta anakunywa chai na meneja, na meneja ndiye anayemmiminia, huku akimwomba radhi kwa kila neno na kumwahidi chumba cha juu kabisa. Kweli X ilinipotosha. Lakini duara si X.

Na huu si ujanja, ni zawadi. Sijajichorea mimi. Nimewachorea mke wangu na mama mkwe, duara moja safi, katikati ya mlango. Wamo ndani wanavaa nguo za sherehe, hawajui kitu. Ukumbi umeshajaa, wageni wengine wamesimama hapa koridoni wanamsubiri mama mkwe atoke.

Mafundi hao wamepanda ngazi. Wana bisibisi na mtaimbo, na mmoja ameanza kupapasa bawaba za mlango. Wameniuliza kama ni mlango huu kweli. Nimewaambia wafanye haraka.