Ukuta Wangu Unatoka Jasho

Jumatatu, 13 Aprili

Ukuta wa sebule umelowa tena. Doa limepanda kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno changu, na mimi si mfupi. Ukuta huohuo nilioupiga lipu kwa mikono yangu mwaka jana! Bila fundi. Mafundi wanataka mchanga wa mto, wa kununua. Mimi nilijichotea wangu ufukweni, nyuma ya Feri. Mweupe, msafi, wa bure. Mungu akupe bahari, halafu ununue mchanga? Hiyo ni akili ya watu waliosoma.

Jumapili wanakuja watu wa kijana anayemtaka binti yangu Ummy, kuleta posa. Mke wangu Siti kasema ukuta usipokauka posa itapokelewa Ilala, kwa kaka yake Zahoro, mwenye vigae mpaka chooni. Yaani nimzae mimi, aposwe kwa Zahoro, na mimi nikaribishwe soda kama jirani! Haitatokea. Kwanza nimjue anayenimwagia maji.

Nimeshamjua. Natvarlal, wa ghorofa la jirani. Viyoyozi vyake vinadondosha maji mchana kutwa.

Jumanne, 14 Aprili

Nimepanda kwa Natvarlal kwa miguu, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Nikamwambia maji yake yananivunjia nyumba na posa. Hakubisha. Kanipa chai ya tangawizi na kachori, kisha kanipeleka dirishani. Bomba lake linamwaga upande wa barabarani, mbali kabisa na kwangu. Mkewe Bhagwati akauliza, kwa upole, kama nimeukagua ukuta wenyewe au nimewakagua majirani tu. Dharau hiyo! Nikala kachori ya tatu ili wajue nimekasirika.

Sasa namshuku Hajira, mpangaji wangu wa chumba cha uani. Anafua mno. Mtu mmoja, madera mangapi?

Jumatano, 15 Aprili

Nimempiga marufuku Hajira kufua. Kasema haya baba, lakini anafulia mwisho wa ua, maji yatarukaje nyumba nzima mpaka sebuleni? Nikamjibu maji yana njia zake, akawaulize watu wa Jangwani, kila masika yanawafuata mpaka kitandani. Akabeba beseni lake akaenda zake. Hoja ilimzidi.

Kutwa hakufua. Jua likawaka vizuri. Ukuta ukazidi kutoka jasho, na juu ya lipu ukachomoza unga mweupe. Nikaupangusa, ukarudi. Saruji inakomaa, haya mimi nayajua.

Siti akasema nifungue macho: mvua hakuna, kufua hakuna, na kuta tatu alizopiga lipu fundi ni kavu kabisa. Unaolia ni huu wako peke yake. Nikamwambia huo ndio ukuta bora, una hisia. Akaniangalia anavyoangalia samaki wa juzi.

Ijumaa, 17 Aprili

Zahoro kaleta mbuzi, mchango wake wa chakula cha wageni. Kamfunga mwenyewe karibu na mlango wa sebule. Akasema, shemeji, ukuta ukikushinda, kwangu pakavu. Meno yote nje.

Narudi kutoka msikitini, namkuta mbuzi anaulamba ukuta! Anaulamba kwa mapenzi, macho kafumba. Alipopitisha ulimi pamelowa chepechepe. Hapo nikaelewa kila kitu. Mate! Zahoro kamtuma mbuzi aje kunilowesha!

Hajira akasema, lakini baba, ukuta umelowa tangu Jumatatu na mbuzi kaja leo. Kwa mpangaji, anajua sana kuhesabu.

Siti akapitisha kidole ukutani, akakilamba, akatema. Chumvi, akasema. Baba Ummy, umetupigia lipu ya bahari! Mchanga una chumvi, chumvi inavuta unyevu wa hewani, na ukuta huu hautakauka mpaka lipu yote ibanduliwe, ipigwe nyingine kwa mchanga wa mto. Nikamwuliza tangu lini amekuwa fundi. Akasema tangu aanze kupika: kila masika chumvi ya mawe inalowa ndani ya mkebe, na hakuna aliyeimwagia maji.

Mambo ya jikoni. Nimeamuru mbuzi asichinjwe. Huyo ni ushahidi. Wageni watakula kuku.

Jumapili, 19 Aprili

Alfajiri nimelipaka doa chokaa. Likapotea! Siti mwenyewe akaacha wageni waje. Mshenga wao, mzee Adamu, kavaa kanzu na koti jeusi jipya. Nikampa kiti cha heshima, mgongo ukutani, makusudi, Zahoro aone. Akaegemea. Nikawaeleza wageni habari za lipu yangu, kwa kirefu.

Mshenga alipoinuka kusema alichotumwa, mgongo wote mweupe, umelowa, kama andazi lililoanguka kwenye unga. Hapo mbuzi akakata kamba. Hakuangalia pilau, hakuangalia majani. Moja kwa moja mgongoni kwa mshenga, akaanza kulamba!

Mshenga akasema ametumwa nyumba nyingi, lakini hii ndiyo ya kwanza kuona inaliwa mbichi. Watu wakacheka mpaka kicheko cha Ummy kikasikika chumbani.

Posa imekubaliwa, alhamdulillahi. Ila wageni wameomba, kwa adabu nyingi, harusi ifanyike mahali pakavu. Zahoro alitafuna kuku tu, polepole. Bora angenitukana.

Jumatatu, 20 Aprili

Harusi ni Ilala. Sawa. Sina kinyongo.

Nimetulia nikaligundua kosa. Lipu yangu ilikuwa nyembamba! Mchanga niliuweka kwa ubahili. Ningeupaka mnene, ungekauka kama jiwe.

Zahoro kasafiri Tanga mpaka Ijumaa. Ufunguo wake kamwachia Siti, naye Siti kautundika kwenye msumari kisha akaenda sokoni. Sasa, baba wa bibi harusi ataingiaje ukweni mikono mitupu? Nimepata mtu wa guta la mizigo. Tumejaza magunia pale nyuma ya Feri, mchanga mweupe, msafi. Tunaenda Ilala. Namnakshia Zahoro sebule nzima, lipu nene mara mbili, kuta zote nne. Akirudi atalia.

Mbuzi naenda naye. Tangu nishike magunia haya haniachi, ananilamba mikono. Mnyama huyu anamjua fundi.