Malalamiko Yangu Yamesikilizwa, Nami Nalalamika

Kwa Katibu,
Klabu ya Ndege Zisizo na Injini,
Uwanjani.

Kumb. Na. MLM/12

Ndugu Katibu,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KUSHUGHULIKIWA KWA MALALAMIKO YANGU, MLM/1 HADI MLM/11

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini hujambo, mkeo hajambo, na ile kamba mpya ya mashine ya kurushia ndege, ambayo habari zake nimezisoma kwenye jarida lenu la mwezi huu, nayo haijambo.

Barua yako niliipokea Jumatatu ya wiki iliyopita, saa nne na robo asubuhi. Unasema ndani yake, na hapa nanukuu: "Malalamiko yako yote kumi na moja yamesomwa na kamati na kufanyiwa kazi. Kuanzia sasa shamba lako limefutwa kwenye ramani yetu ya mahali pa kutua kwa dharura, na hakuna rubani atakayekusumbua tena." Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Ndugu Katibu, una wiki sita tu kwenye hicho cheo. Nani alikutuma kufungua faili?

Labda hujui unaongea na nani, kwa hiyo nijitambulishe. Mimi nilikuwa karani wa masjala katika ofisi ya ardhi kwa miaka thelathini na mmoja. Barua za malalamiko nimezipokea mpaka vidole vikaota sugu. Utaratibu wake ni huu: barua inapokelewa, inagongwa muhuri, inapewa namba, inaingia kwenye faili, na faili linarudi kabatini. Mlalamikaji anakuja baada ya mwezi kuulizia. Anakaa kwenye benchi, anaeleza upya, anaulizwa habari za watoto, anaondoka moyo wake umetua. Katibu aliyekutangulia aliujua utaratibu huo vizuri sana. Katika barua zangu zote hakujibu hata moja, na tuliheshimiana.

Sasa wewe umekuja na haraka zako, ukasoma, ukaelewa, ukatekeleza. Madhara yake nayaorodhesha hapa chini.

1. Kuhusu kutua kwenyewe. Sikatai kwamba nililalamika. Ndege zenu hazina injini. Mnazivuta juu kwa kamba, halafu zinaelea zikitafuta hewa ya joto ya kuzipandisha, na hewa hiyo ikikosekana rubani anatazama chini na kuchagua shamba la mtu. La kwangu liko nyuma ya nyumba, refu, tambarare, halina mti. Kwa miaka mitatu wametua humo mara kumi na tisa. Wa kwanza alikuwa yule daktari wa meno, aliyepita katikati ya maharage yangu na kulaza mistari mitatu. Nilimtokea na ufagio mkononi. Akavua kofia, akasema, "Samahani mama, hapa ni wapi?" Nikamjibu, "Hapa ni kwangu. Wewe ndiye wa kueleza umetoka wapi."

Ndipo nikaandika MLM/1. Lakini hebu isome tena hiyo barua bila pupa. Niliomba daktari akaripiwe. Hakuna mahali nilipoomba asirudi. Angekaripiwa namna gani asiporudi? Msimu uliofuata niliyahamishia maharage pembeni, kando ya uzio, na katikati nikaacha majani, ambayo nayakata kila Alhamisi. Hilo nilifanya kwa faida ya maharage, lisije likaeleweka vinginevyo.

2. Kuhusu muhuri. Nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani mbele ya watu wote. Nyuma ya watu nilichukua mwenyewe, ndani ya pochi, muhuri wa zamani wenye neno IMEPOKELEWA, kwa kuwa ofisi ilikuwa imeletewa mpya na ule ulikuwa unakwenda kutupwa. Hakuna kitu kinachoingia kwangu bila kupokelewa. Kila rubani anayetua namwandika kwenye daftari: kazi yake, saa aliyofika, sababu ya kutua. Kisha nachukua kile kitabu chake cha safari za angani na kukigonga muhuri, tarehe na sahihi.

Mwalimu wa hesabu alipotua mara mbili ndani ya mwezi mmoja nilimhoji sababu. Akasema hewa ya joto imeisha. Nikamtazama. Ilikuwa saa sita, jua la utosini, hata kuku wamejificha. Alipoona simwamini akakiri kwamba yeye ana mihuri mitatu na yule dada mfamasia ana minne. Mwezi uliofuata nikakuta kwenye jarida lenu, chini ya Habari za Klabu, baina ya tangazo la mashindano na picha ya mwanafunzi aliyemwagiwa ndoo ya maji kwa kuruka peke yake mara ya kwanza, mstari huu: "Mwalimu amsogelea mfamasia kwa Bi Muhuri." Bi Muhuri ni mimi. Sikuwahi kuulizwa kama nalitaka jina hilo. Nikaandika MLM/6 kwa hasira, na ukurasa huo nikaukata vizuri kwa mkasi nikaubandika mlango wa kabati, ili uwe ushahidi.

Leo hii kidau cha wino kimekauka. Wino wa muhuri usipoguswa unaganda na kuwa gome. Nimeutunza wino huo tangu ofisini, na umekufa mikononi mwako baada ya wiki sita za utendaji bora.

3. Kuhusu gari na tela. Rubani akitua hawezi kuondoka. Ni lazima asubiri wenzake waje na lile tela refu, waing'oe ndege mabawa, waipakie. Katika MLM/7 nilieleza kwamba mnachelewa mno, saa mbili, wakati mwingine tatu. Muda wote huo mgeni yuko barazani kwangu, anakunywa chai yangu na kuangaza macho ukutani. Mfamasia, kwa mfano, aliiona picha ya marehemu mume wangu akauliza, "Hapa alikuwa anacheka nini, mama?" Nikalazimika kumweleza. Nilimweleza kwa muda wa saa nzima na dakika kumi, maana huwezi kueleza kicheko cha mume wangu bila kuanza na baiskeli aliyokuwa nayo. Tangu tumzike, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu picha ile. Watu wakiitazama huinamisha macho na kunipa pole. Yule binti alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka, na tela lilipofika tukaliona linatukatiza.

Hata hivyo, dai la msingi liko palepale. Tela lifike ndani ya saa moja. Katika hilo sitarudi nyuma.

4. Kuhusu shemeji. Nasikia baada ya kunifuta mmeandika shamba la shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ng'ambo ya barabara. Sina neno baya juu ya shemeji. Ni mtu mwema ambaye hajawahi kuona sababu ya kutosha ya kuinuka kwenye kiti. Shamba lake limeinama upande mmoja na lina mbwa.

Jumamosi iliyopita daktari wa meno alitua huko. Nilishuhudia kwa macho yangu kupitia dirisha la jikoni, kwani nilikuwa nimepanda juu ya kigoda kwa shughuli nyingine. Shemeji hakutoka. Daktari alisimama kando ya ndege yake saa moja na robo, peke yake, juani, amejishika kiuno. Hakuna kiti, hakuna maji, hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Mara akaniona dirishani akanipungia mkono. Ndugu Katibu, mimi sikumpungia. Nilijiambia kwamba mtu aliyefutwa kwenye ramani hana mamlaka ya kupunga. Nilishuka kwenye kigoda na nikaumia moyo mpaka nikashindwa kumaliza kuosha vyombo.

Jioni shemeji alikuja kuomba sukari. Nikamuuliza kama amempokea mgeni. Akasema, "Mgeni gani, shemeji? Si alitua, akaondoka?" Yaani binadamu ameshuka kutoka mawinguni, kwa miguu yake, na hakuna daftari lolote duniani lililoandika. Kwa miaka thelathini na mmoja sikuwahi kuona uzembe wa kiwango hicho, na nilifanya kazi na watu walioweka mafaili chini ya sufuria.

5. Kuhusu kamba. Jarida linajivunia kwamba kamba mpya ni ndefu na inawapandisha juu kuliko ile ya zamani. Fikiri pamoja nami. Ndege ikipanda juu zaidi inafika mbali zaidi. Ikifika mbali zaidi inapita juu ya paa langu bila haja ya kutua. Kwa hiyo hata mkinirudisha kwenye ramani, kamba hiyo imekwisha kunifuta kwa mara ya pili. Naomba ikatwe. Fundi wa mashine ataelewa akielezwa kwa upole.

6. Kuhusu mimi. Najua kwenye kamati hatakosekana mwenye busara wa kusema kwamba mama huyu ni mpweke tu. Nakanusha kwa maandishi. Nina mtoto anayenipigia simu kila Jumapili saa mbili asubuhi, na huzungumza nami mpaka anapoitwa na mkewe. Nina redio. Nina shemeji, kwa kadiri anavyoweza kuhesabiwa. Jumapili iliyopita baada ya simu nilikaa barazani kuanzia saa tano hadi saa kumi nikitazama juu, kwa sababu za shingo. Zilipita ndege nane. Moja ilizunguka mara mbili juu ya bati langu, taratibu, ikiinamisha bawa la kushoto, na huyo alikuwa mfamasia, maana ndivyo anavyokata kona. Halafu akaondoka kwa kutii amri yako. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilianza kuisikia ile saa ya kustaafu. Sikujua kuwa ina sauti.

Huo si upweke. Ni utaratibu ulioharibiwa, na anayeuharibu ndiye wa kuutengeneza.

Kwa kuzingatia yote hayo naomba: shamba langu lirudishwe kwenye ramani, kwa wino mwekundu, malalamiko yangu kumi na moja yarudishwe kwenye faili yakiwa hayajatatuliwa, kama yalivyokuwa, na malalamiko mengine nitakayoleta, kwani nitaleta, yapokelewe, yagongwe muhuri na yahifadhiwe kwa heshima bila kufanyiwa kazi yoyote. Naomba pia kutua kusipungue mara mbili kwa mwezi. Ikiwa hewa ya joto haitakosekana kwa kiwango hicho, kamati ikae itafute namna ya kuikosesha.

Nisipojibiwa ndani ya siku kumi na nne nitajua kwamba umeanza kuielewa kazi yako. Lakini ramani irekebishwe.

Nisalimie wote hapo uwanjani: mwalimu wa hesabu, na umwambie sababu zake bado sizikubali, mfamasia na bawa lake la kushoto, fundi wa mashine, mkeo, ambaye simjui lakini namhurumia kwa kuishi na mtu mtekelezaji, na zaidi ya wote daktari wa meno, umwambie lile jino alilolitazama kwa tochi akisubiri tela limetulia, na kwamba siku ile dirishani nilimwona.

Ni mimi katika utaratibu,

Karani wa Masjala (Mstaafu)
(Bi Muhuri, kama mnavyoniita)

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, mara nikasikia juu ya paa ule mvumo wa shuka linalokung'utwa, na nilipofika mlango wa nyuma ndege ilikwisha simama katikati ya majani ya Alhamisi, imenyooka kama imepimwa kwa rula. Ameshuka kijana mwembamba mwenye miwani, amevua kofia, akasema yeye ndiye Katibu. Ndiwe wewe. Umelifuta shamba langu kwa kalamu yako, na mwenyewe umetua ndani yake. Nimekuuliza sababu. Umesema hewa ya joto imeisha. Ni saa sita na nusu, kuku wamejificha. Nimeandika ulivyosema, sikuongeza neno.

Umetoa kitabu chako cha safari, na nimeona ukurasa ulikuwa umewekewa alama kabla hujafika. Wino umelainika kwa matone mawili ya maji ya moto. La pili hapo juu lifute. Sasa hivi uko barazani na kikombe, shingo umeielekeza ukutani, na umeniuliza huyu anayecheka ni nani. Nimekuambia subiri nimalize barua.

Barua yenyewe nitakupa mkononi, imebandikwa gundi pande zote, uifungue ukifika ofisini na si kabla. La tatu, lile la tela kufika ndani ya saa moja, naliondoa kabisa. Simu yako imezimika, na umeomba uichaji ili uwaite wenzako. Nimekuambia kwa masikitiko kwamba umeme umekatika tangu asubuhi.

Umeme upo.