Filta ya Jepkoech

Jumatatu, 10 Februari 2025

Wiki ya tatu ya ndoa. Bado naamka nikishangaa. Jepkoech, mke wangu, anaendesha pikipiki ya mashindano ya porini! Leo ameingia nyumba yetu ya Matisi na vumbi hadi kwenye kope. Malaika! Nimesahau hata kumkaribisha.

Kasoro ni moja. Shemeji. Kipngetich, kaka yake, ndiye fundi wake, na yeye pekee hugusa filta ya hewa, ile sponji chini ya kiti inayozuia vumbi lisiingie kwenye injini. Nimejitolea kuiosha kabla ya mashindano ya Jumamosi. Akacheka. Ati nianze na sufuria kwanza. Mimi, mume halali! Filta hiyo nitaitwaa.

Jumatano, 12 Februari

Nimeenda mjini Kitale kwa Zaitun, muuza spea. Kumbe sponji ina mafuta yake maalumu! Yananata. Vumbi linakwama humo, hewa inapita. Nimeduwaa pale kaunta. Kitu kimoja, kinakataa na kukubali papo hapo! Nikamwambia ni kama moyo wa mke wangu. Zaitun akauliza kama nanunua ama nimekuja kuhubiri.

Mafuta yenyewe yameisha dukani. Mzigo unafika Jumatatu. Akanionya nisiweke mafuta ya injini, yatatiririka tu.

Sawa. Lakini nimeshika neno: yananata. Nani asiye na ng'ombe Trans Nzoia? Nimenunua kopo la mafuta ya kukamulia, yale mazito ya kupaka chuchu. Mimi ni kichwa!

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Wengine wananunua maua. Kipngetich kaenda sokoni Kwanza kutafuta mahindi, nami nikafungua kiti cha pikipiki. Sponji nyeusi tii! Nimeiosha kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, ikatoka ya manjano kama kifaranga. Nikaipakata. Kila mlima aliopanda mpenzi wangu, injini ilivutia pumzi hapa! Machozi yakanilenga.

Nikayeyusha kopo zima, nikaichovya. Sikuikamua. Mapenzi hayapimwi.

Jepkoech alipoiona, akanibusu kwenye paji la uso. Akauliza nimetumia mafuta gani. Nikasema maalumu. Si uongo, ni maalumu kwa ng'ombe.

Jumamosi, 15 Februari

Mashindano ni Kamukuywa. Kwetu kabisa! Ukoo mzima umekuja kumwona bibi arusi. Kona ya kwanza anaongoza. Ya pili, anaongoza! Nikapiga vigelegele peke yangu.

Kisha mlima. Pikipiki ikakohoa, ikaguna, ikazima. Wote wakampita.

Kipngetich akafungua kiti. Sponji imeganda kama samli. Akanusa. Akauliza, umati wote ukisikia: Festus, bana, ulitaka kuikamua maziwa? Shangazi yangu Nekoye akasema si mumkamue yeye kwanza, muone kama atatoa akili.

Jepkoech hakunigombeza. Akavua helmeti, jasho linang'aa, akasema polepole kwamba injini imekosa hewa. Mrembo hata akishindwa!

Jumatatu, 17 Februari

Mafuta yamefika. Ya buluu! Nilidhani filta imenitoka milele, lakini Jepkoech amenipa nafasi moja. Nikiharibu tena, inarudi kwa Kipngetich mpaka tuzeeke.

Amenifundisha mwenyewe. Sponji ikauke kabisa. Uifinye bila kuisokota, mafuta yaenee rangi moja kotekote, yanayozidi yatoke. Vidole vile! Buluu ikatambaa kwenye manjano kama anga ya Elgon baada ya mvua. Nimeshindwa kupumua. Akaninyooshea kidole: usiongeze kitu kingine, Festus, umesikia? Nikaapa.

Akatoka kwenda dukani. Nikabaki nayo. Nikainusa. Inanuka gereji! Mke wangu aikalie hiyo juu ya mlima?

Nimeinyunyizia manukato yangu ya siku ya harusi. Kidogo tu. Nusu chupa.